Leseni, bima au mkataba? Kulinganisha ulinzi wa mnunuzi wa nyumba katika majimbo ya Marekani

Mtu anayenunua nyumba Marekani kwa mara ya kwanza huulizwa na kila jamaa: "Umepata mkaguzi mwenye leseni?" Swali si baya, ila limewekwa mbele ya mengine yenye uzito zaidi. Leseni inakuhakikishia kwamba mtu huyo alisoma, akafaulu mtihani na akalipa ada ya jimbo. Haikuambii nani atakulipa iwapo aliandika kwamba paa ni zima, kisha mvua ya kwanza ikakukuta na ndoo sebuleni. Hilo linategemea bima aliyo nayo, na pia yale ambayo sheria ya jimbo inamruhusu kuyaandika kwenye mkataba. Mkataba wenyewe ndio ule unaotumiwa kwa simu usiku wa kuamkia ukaguzi, nawe unausaini kwa kidole bila kuusoma.

Hakuna sheria ya shirikisho inayowasimamia wakaguzi wa nyumba. Kila jimbo lina utaratibu wake, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hapa nalinganisha majimbo machache ambako wenzetu wengi wananunua nyumba, pamoja na mawili matatu yanayofundisha jambo. Nisifiche msimamo wangu: kati ya leseni, bima na dhima (yaani wajibu wa mkaguzi kulipa akikosea), mimi naitazama leseni mwisho.

Kabla ya hapo, tusichanganye ukaguzi na tathmini ya benki. Mthamini anayetumwa na benki anakuja kuhakikisha kwamba mkopo hauzidi thamani ya nyumba. Hapandi darini wala hachunguzi mtambo wa joto kwa niaba yako. Wanaonunua kwa mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, hupewa karatasi ya HUD, wizara ya nyumba, inayosema waziwazi kwamba tathmini si ukaguzi, na kwamba anayetaka ukaguzi ajitafutie mwenyewe. Karatasi hiyo huzama kati ya nyingine nyingi za mkopo, na wengi huondoka wakiamini nyumba yao imekaguliwa.

| Jimbo | Leseni ya jimbo | Bima ya makosa ya kazi (hulipa mkaguzi akikosea) | Mkaguzi kujiwekea kikomo cha fidia |
|---|---|---|---|
| Texas | Ndiyo | Lazima, angalau dola 100,000 | Sheria ya wakaguzi haikatazi |
| California | Hapana | Si lazima | Haruhusiwi kujifunga kwenye ada ya ukaguzi |
| Massachusetts | Ndiyo | Lazima, angalau dola 250,000 | Marufuku |
| New Jersey | Ndiyo | Lazima, angalau dola 500,000 | Mahakama imekataa kikomo kidogo kupindukia |
| Pennsylvania | Hapana, ila lazima awe mwanachama wa chama cha kitaifa | Lazima, angalau dola 100,000 kwa tukio | Haruhusiwi pale penye uzembe uliokithiri |
| Minnesota | Hapana | Si lazima | Hakuna sheria maalumu |

Texas na California

Nimeyaweka haya mawili pamoja kwa sababu ukiyasoma kwa haraka utachagua Texas, na huenda ukawa umekosea.

Texas ilianza kuwasimamia wakaguzi mwaka 1985, mapema kuliko majimbo mengine. Tume ya mali isiyohamishika ya jimbo, TREC, ina ngazi tatu. Ya chini ni mwanagenzi, ambaye hakagui bila msimamizi. Ya kati ni mkaguzi wa kawaida, naye pia yuko chini ya mdhamini. Ya juu ni mkaguzi kamili anayejitegemea. Hata ripoti imewekewa fomu moja kwa jimbo zima, REI 7-6, na kila kipengele cha nyumba kina visanduku vinne: kimekaguliwa, hakikukaguliwa, hakipo, kina kasoro. Napenda fomu hii. Ukipata ripoti mbili kutoka kwa wakaguzi wawili unaweza kuzilaza mezani na kulinganisha mstari kwa mstari. Kisanduku cha "hakikukaguliwa" ndicho cha kusoma kwanza, kwa sababu mkaguzi anatakiwa kueleza kwa nini aliacha, na hapo ndipo utakutana na dari lisilofikika au uvungu wa nyumba uliozibwa.

Bima nayo ni lazima: angalau dola 100,000 kwa tukio. Mpaka hapo Texas inaongoza. Sasa fungua mkataba. Sheria ya wakaguzi ya Texas haimkatazi mkaguzi kuandika kwamba, lolote litakalotokea, hutamdai zaidi ya ada uliyomlipa. Kifungu hicho kipo kwenye mikataba mingi kule. Kwa hiyo unaweza kuwa na mkaguzi mwenye leseni ya ngazi ya juu na bima iliyolipiwa vizuri, halafu ukajikuta umeshasaini kwamba msingi ukipasuka utarudishiwa dola mia chache. Na misingi ya Texas hupasuka kweli. Udongo wa mfinyanzi wa Dallas, Fort Worth na Houston huvimba mvua inaponyesha na kunywea wakati wa kiangazi, nyumba ikipanda na kushuka nao. Unaweza kwenda mahakamani kupinga kifungu hicho, lakini utaanza kesi ukiwa umebeba mzigo wa sahihi yako mwenyewe.

California haina leseni kabisa. Yeyote anaweza kuchapisha kadi leo na kujiita mkaguzi kesho. Lakini katika sheria zake za biashara na taaluma kuna kurasa chache, kifungu cha 7195 hadi 7199, zenye nguvu ambayo majimbo mengi ya leseni hayana. Zinamtaka mkaguzi afanye kazi kwa uangalifu ule ambao mkaguzi makini angeutumia. Zinasema kwamba mkataba unaojaribu kumwondolea wajibu huo, au kushusha dhima yake hadi kiasi cha gharama ya ripoti, ni batili kwa kuwa unapingana na maslahi ya umma. Zinamzuia kufanya matengenezo ya kulipwa kwenye nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyopita, ili asibuni ubovu kwa faida yake. Kisha zinatoa hadi miaka minne tangu siku ya ukaguzi kufungua kesi. Wapo waliojaribu kuupunguza muda huo kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya California ilikataa mwaka huo kuhesabiwa kuanzia siku ya ukaguzi kabla mnunuzi hajaweza kugundua tatizo.

Je, California ni bora? Kwa upande wa haki kwenye karatasi, ndiyo. Tatizo lake liko mfukoni mwa mkaguzi. Jimbo halimlazimishi awe na bima, kwa hiyo unaweza kushinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu isipokuwa ngazi na tochi. Anayenunua Los Angeles, Oakland au San Diego, basi, lazima ajifanyie mwenyewe kazi ambayo TREC inawafanyia watu wa Texas: adai cheti cha bima, athibitishe uanachama wa chama kama ASHI, InterNACHI au CREIA, aombe ripoti ya mfano. Ukifanya hayo, unabaki na haki za California juu ya bima ya hiari, na kwangu mchanganyiko huo unaishinda Texas.

Massachusetts na New Jersey: vyote vitatu

Ungependa leseni, bima na sheria inayozuia mkaguzi kujikinga kwa kalamu? Massachusetts inakupa vyote. Sheria yake ilipitishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakaguzi wana bodi yao ya usajili, bima ya makosa ya kazi si chini ya dola 250,000, na kanuni za bodi zinawakataza kupunguza kwa mkataba dhima ya uzembe wao. Mkaguzi anaruhusiwa kutaja vitu asivyovikagua. Haruhusiwi kusema kwamba hata kwa vile alivyovikagua vibaya hadaiwi.

Kuna jambo jingine la Massachusetts ambalo ningelipenda kila mahali. Dalali anayemwakilisha muuzaji hatakiwi kukuelekeza kwa mkaguzi fulani. Ukiomba, atakupa orodha. Sote tunajua kwa nini. Mkaguzi anayepata wateja wote kutoka kwa dalali mmoja hawezi kuandika mambo yatakayovunja mauzo ya dalali huyo mara tatu mfululizo akabaki na kazi. Na tangu tarehe 15 Oktoba 2025, muuzaji wa nyumba ya kuishi kule haruhusiwi kumpa kipaumbele mnunuzi kwa sababu tu amekubali kuacha ukaguzi. Walionunua karibu na Boston miaka ya ushindani mkali wanajua ilivyokuwa: usipofuta ukaguzi, ofa yako haisomwi.

New Jersey inadai zaidi kabla ya kumpa mtu leseni. Ni saa 180 za mafunzo, 140 darasani na 40 za vitendo kwenye nyumba halisi, na bima isiyopungua dola 500,000 kwa tukio, maradufu ya Massachusetts. Kuhusu kikomo cha dhima, kauli inayokumbukwa imetoka mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilisikiliza kesi ya wanunuzi waliokuwa wamelipa dola 385 kwa ukaguzi, na mkataba ukasema fidia haizidi nusu ya ada. Yaani dola 192 na senti 50 kwa paa lililokuwa linavuja. Majaji walikikataa kifungu hicho. Walisema mkataba uliandaliwa na upande mmoja mwenye utaalamu na kupewa mtu wa kawaida wa kuukubali au kuuacha, kiasi chenyewe ni kidogo hata hakimfanyi mkaguzi awe makini, na kinapingana na sababu ya jimbo kuwawekea wakaguzi leseni na bima. Hoja hiyo ya mwisho inafaa kutiwa kichwani na yeyote aliye katika jimbo lenye bima ya lazima lakini lisilo na kifungu cha kukataza kikomo: kama serikali imelazimisha bima, kwa nini mkataba uizime?

Kati ya haya mawili ningechagua Massachusetts kwa ajili ya marufuku iliyoandikwa wazi, ingawa bima ya New Jersey ni nene zaidi. Nusu milioni haina maana kama itabidi kwanza ubishane kortini kuhusu dola 192.

Pennsylvania: angalia saa

Pennsylvania ilichukua njia ya katikati kwa sheria ya mwaka 2000. Haikuanzisha leseni ya jimbo. Mkaguzi anatakiwa kuwa mwanachama wa chama cha kitaifa kisicho cha faida chenye mtihani na maadili, na awe na bima ya dola 100,000 kwa tukio na 500,000 kwa jumla. Sheria imeweka hata kiwango cha juu cha kiasi ambacho mkaguzi anajilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa: dola 2,500. Hawezi kutumia mkataba kukwepa dhima ya uzembe uliokithiri.

Kilichofichika ni muda. Kesi inayotokana na ripoti ya ukaguzi lazima ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu ripoti ilipokabidhiwa. Mwaka mmoja! Ukinunua mwezi wa tano, ukapita kiangazi, ukaingia baridi na mtambo wa joto ukafa mwezi wa kwanza, umebakiwa na miezi minne ya kutafuta fundi wa kuandika ripoti ya pili, wakili na kila kitu. Kwa nyumba ya Pittsburgh au Philadelphia, ningemwambia ndugu yangu aandike tarehe ya kupokea ripoti kwenye kalenda ya simu siku ileile, na kabla mwaka haujaisha aite mtu wa pili apande juu ya paa.

Minnesota na jirani yake

Minnesota haitoi leseni ya ukaguzi wa nyumba, hailazimishi bima, wala haina sheria kama ile ya California. Uko peke yako na mkataba wako. Hata hivyo kuna vipande vya ulinzi vilivyotawanyika. Miji ya Minneapolis na Saint Paul inamtaka muuzaji afanyiwe tathmini maalumu ya hali ya nyumba kabla ya kuiuza, na wanaoifanya wana kibali. Ripoti hiyo ni ya wazi kwako, ila inagusa mambo ya msingi tu na haichukui nafasi ya ukaguzi wako. Kwa radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, ambayo ni tatizo kubwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za kule, mambo ni tofauti kabisa: tangu mwaka 2019 anayepima radoni kwa malipo lazima awe na leseni ya idara ya afya ya jimbo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuja na leseni ya kupima hewa na asiwe na leseni yoyote ya kukuambia kama nyumba inazama.

Ukivuka mto St. Croix kuingia Hudson, upande wa Wisconsin, hali inabadilika. Wisconsin inawasimamia wakaguzi, na sheria yake inawakataza kuweka kwenye mkataba kifungu chochote kinachokana dhima au kupunguza fidia kwa kutofuata viwango vya kazi. Muda wa kushtaki ni miaka miwili. Anayefanya kazi Twin Cities, yaani Minneapolis na Saint Paul, na anafikiria kununua ng'ambo ya mto kwa sababu za bei anaweza kuongeza hili kwenye hesabu yake, japo sidhani kuna aliyewahi kuhamia jimbo jingine kwa ajili ya mkaguzi wa nyumba.

Georgia, penye jamii kubwa ya Wakongo na Wakenya kuzunguka Atlanta, nayo haina leseni. Inachodai ni mkaguzi atoe maandishi yanayoeleza anakagua nini na nini hakagui. Kule fanya kama ungefanya Minnesota.

Bima ipi hasa?

Hapa ndipo watu hudanganyika hata bila mtu kuwadanganya. Mkaguzi akisema "nina bima", kuna bima mbili tofauti. Moja ni ya ajali za jumla: akiteleza akavunja dari lako kwa mguu, bima hiyo inalipa. Nyingine ni ya makosa ya kazi: akipita mbele ya ufa asiuone, hiyo ndiyo inayohusika. Maryland, penye Waswahili wengi kandokando ya Washington, inalazimisha ile ya kwanza tu, dola 150,000, ili mtu apate leseni. Ile ya pili ni hiari. Kwa hiyo mkaguzi wa Maryland anaweza kukuonyesha leseni halali na cheti cha bima halali, na bado asiwe na senti ya kulipia kosa la ukaguzi. Usiulize kama ana bima. Uliza kama ana bima ya makosa ya kazi, kiasi gani, na inaisha lini.

Tarehe ya kuisha ina maana kwa sababu ya namna bima hizi zinavyoandikwa. Nyingi hulipa madai yanayoletwa wakati bima iko hai; haitoshi kwamba ilikuwa hai siku kosa lilipotokea. Mkaguzi akifunga biashara au akaacha kulipa mwaka unaofuata, bima iliyokuwepo siku ya ukaguzi wako haitakusaidia, isipokuwa kama amenunua nyongeza ya kufunika madai ya nyuma. Kampuni ya watu kadhaa iliyodumu muda mrefu ina faida hapa kuliko mtu mmoja anayefanya kazi wikendi, hata kama huyo wa wikendi ana macho makali zaidi.

Basi uchague vipi

Massachusetts na Wisconsin, sheria imeshakufanyia sehemu kubwa ya kazi ya dhima. Shindanisha wakaguzi kwa ubora wa ripoti na uzoefu wa aina ya nyumba unayonunua. New Jersey ni hivyohivyo, ila soma ukurasa wa dhima.

Texas, anza na mkataba. Uombe siku mbili kabla, tafuta mstari wenye kikomo cha fidia, na uulize kama kinaweza kuondolewa au kupandishwa. Wapo wanaokubali kukipandisha kwa ada ya ziada, na ada hiyo ni nafuu ukilinganisha na kuinua msingi. Leseni unaithibitisha kwenye tovuti ya TREC kwa dakika moja. Kumbuka pia kwamba mchwa hawamo kwenye ukaguzi wa kawaida. Kuna leseni nyingine, ya idara ya kilimo ya jimbo.

California, Minnesota na Georgia, anza na cheti cha bima. Mkaguzi asiye tayari kukitoa, mwache aende. Kati ya wawili wenye bima sawa, chagua anayekuruhusu uandamane naye wakati wa ukaguzi, maana maelezo anayotoa akiwa amesimama mbele ya boksi la umeme huwa mengi kuliko anayoyaandika. Pennsylvania, fanya yote hayo na uitazame kalenda.

Kuna mtego mmoja unaovuka mipaka ya majimbo yote. Muuzaji au dalali wake anaweza kukupa ripoti iliyokwisha kufanywa, safi, yenye picha, akisema hakuna haja ya kulipia nyingine. Mteja katika mkataba ule ni muuzaji. Mikataba mingi ya ukaguzi husema waziwazi kwamba ripoti ni kwa matumizi ya mteja peke yake na mtu mwingine hawezi kuitegemea, kwa hiyo haki zote nilizozitaja, za miaka minne au za mwaka mmoja, za nusu milioni au za laki moja, zinaweza kuwa si zako hata kidogo. Ipokee ripoti hiyo, isome, kisha umpe mkaguzi wako mwenyewe aanzie hapo.